Risasi Iliyopita Mlango wa Ghala

"Aika mbe, Mwalimu! Umetusaidia sana!"

Mzee Valerian alishukuru hivyo kwa Kichaga huku akicheka, na mliosoma wiki jana mnajua kwa nini alicheka. Mliokuwa msibani, au mliofungia maandazi gazeti kabla hamjalisoma, nisikilizeni vizuri, maana sina nguvu ya kurudia mara mbili.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mwanasiasa Sylvanus alipigwa risasi mlangoni pa ghala la kahawa kule Uru, akihutubia wakulima. Binamu yake, Aristides, alionekana kwenye kahawa zake ng'ambo ya bonde dogo, akakimbizwa na kukamatwa gobori mkononi, linanuka baruti. Akasema alikuwa anafukuza ngedere. Mahakama haikumwamini. Alihukumiwa kunyongwa, adhabu ikapunguzwa ikawa kifungo cha maisha, na ujana wake wote ukaishia gerezani mpaka msamaha wa rais ulipomtoa akiwa mzee.

Sasa Aristides anakufa. Ukoo ulimruhusu kuishi kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani alilorithi, lakini kuzikwa hapo, kwenye migomba na makaburi ya baba zake, ulikataa. Aliyemwaga damu ya ukoo halali na ukoo. Kikao cha mwisho juu ya jambo hilo kimewekwa siku ya pili ya Krismasi, wakati Wachaga wote wamepanda nyumbani na hakuna wa kusema hakuambiwa.

Binti yake, Theodora, muuza mitumba wa Moshi mjini, akamleta Mwalimu Ebenezeri kutoka Bomang'ombe, mstaafu aliyemfundisha fizikia zamani. Apime upya njia ya risasi, baba apate pa kulala.

Na Mwalimu alipima. Alifunga uzi kwenye tundu la ukuta wa nyuma, ndani ya ghala, akaupitisha kwenye tundu la mlango, akauvuta nje mbele ya ukoo mzima. Uzi ukanyooka mpaka pale pale aliposimama Aristides siku ile.

Fizikia ikamhukumu mzee wa watu mara ya pili.

"Miaka yote tunaambiwa tumemwonea mtu," Valerian alisema, akifuta machozi ya kicheko. Yeye ni mdogo wake marehemu, na ndiye mwenyekiti wa ukoo. "Leo mtaalamu wao wenyewe ametuonyesha. Haya, jamani, turudi kwenye pombe yetu ya mbege. Kikao kimekwisha kabla hakijaanza."

Watu wakaanza kuondoka. Wengine walikuwa na haraka ya kushuka mjini kuwahi mabasi ya Dar, na wengine walikuwa na haraka ya supu ya mtori tu.

Theodora alibaki amesimama na kibunda cha uzi mkononi. Hakulia. Alikuwa amelia sana miaka ya nyuma, na mtu huchoka hata kulia.

"Nisamehe, mama," Mwalimu alimwambia. "Uzi haujui kupendelea."

"Si kosa lako, Mwalimu. Nimekusumbua bure."

"Nitamwambia mwenyewe, ukitaka."

"Hapana. Nitamwambia mimi. Ananisubiri."

Mwalimu akaingia ghalani kwa kimlango cha nyuma, kile cha kupitishia majani, kukusanya vitu vyake. Lilikuwa ghala dogo, tupu. Tangu wanunuzi binafsi waanze kupita mlango kwa mlango na mizani zao, hakuna aliyeleta kahawa hapo tena, na watu walihifadhi majani ya ng'ombe tu. Alikuwa amechoka. Magoti yalimuuma, na alijilaumu kwa kukubali kazi hii wakati angeweza kulala nyumbani siku ya pili ya Krismasi kama binadamu wengine.

Akaanza kuuvuta uzi. Ukagoma.

Akavuta tena. Ukakwaruza.

Mwalimu akasimama. Akainama, akaweka jicho karibu na tundu la mlango mkubwa, na wale waliokuwa bado uani wakamsikia akisema kwa sauti, "We Ebenezeri, mjinga wewe!"

"Theodora! Rudi! Mwite na yule mzee wako anayecheka!"

Valerian alirudi, kata ya mbege mkononi. "Nini tena?"

"Tazama uzi wangu ndani ya tundu hili. Umenyooka?"

Valerian akachungulia. "Umepinda. Unagusa ubavu."

"Risasi hupinda?"

"Mimi sijui habari za risasi."

"Haipindi. Kaka yako ilimpita shingoni, kwenye nyama tupu, haikugonga mfupa. Ilikuja imenyooka na ikaondoka imenyooka. Sasa kwa nini uzi wangu umejikunja ili upite?"

Akagonga mlango kwa kidole.

"Mbao hizi ni nene, vidole vitatu," Mwalimu aliendelea. "Tundu kwenye karatasi ni tundu tu. Tundu kwenye mbao nene ni bomba, na bomba lina mahali linapoelekea. Nitafutieni spoku ya baiskeli."

Spoku ikaletwa. Akaisukuma kwenye tundu mpaka ikakaa imara bila kucheza. Wote wakatazama ncha yake ya ndani inakoelekea.

Haikuelekea kwenye tundu la ukuta wa nyuma. Haikulikaribia hata kidogo. Iliuangalia ukuta wa kando, penye rundo la majani.

"Kwa hiyo risasi iliingia mlangoni, ikakata kona hewani kama dereva wa Kibosho anayekwepa mashimo, ikaenda kugonga ukuta mwingine?" Mwalimu aliuliza. "Mzee Valerian, fungua mlango huu. Polepole."

Bawaba zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Wanaume wawili wakausukuma. Ulikuwa mlango mpana, wa kupitisha magunia, na ulifunguka kwa ndani. Kadiri ulivyofunguka ndivyo ncha ya spoku ilivyotembea ukutani: ikaacha majani, ikapita kona, ikaanza kuja ukuta wa nyuma.

"Polepole! Polepole... simama!"

Mlango ulikuwa umefika nusu. Ncha ya spoku ilikuwa imetazamana na tundu la ukutani, tundu kwa tundu.

"Hivi ndivyo mlango ulivyokuwa risasi ilipopita," Mwalimu alisema. "Ulikuwa wazi. Polisi walivuta mstari wao mlango ukiwa umefungwa. Na mimi, na vyeti vyangu vyote, nimewafuata kama kondoo."

"Ulifungwa!" Valerian alipaza sauti. "Nilikuwepo! Polisi walipopanda kutoka Moshi jioni ile walikuta mlango umefungwa! Walisema hata mahakamani!"

"Jioni walikuta umefungwa. Je, saa ya risasi?"

"Wewe ulikuwepo? Nani aufunge mlango kaka yangu ameanguka hapo?"

"Mimi."

Sauti ilitoka nyuma ya watu. Wakapisha. Bibi Lukresia, mjane wa Sylvanus, alikuwa ameketi juu ya gunia akijipepea kwa kanga. Siku nzima hakuna aliyemsemesha isipokuwa kumwamkia shikamoo na kumpita.

"Shemeji, usiingie haya mambo," Valerian alisema.

"Nimo tangu siku ile. Mlikuwa mkikimbizana na Aristides kwenye kahawa, nyie wanaume wote. Mume wangu mliniachia mimi na wanawake wenzangu. Tukamwingiza ndani. Sasa Valerian, mtu wetu akifa analazwaje?"

"Anaelekezwa Kibo."

"Anaelekezwa Kibo. Na Kibo iko upande gani wa ghala hili?"

Valerian akageuka kutazama. Ilikuwa upande ule ule ambao mlango ulifungukia.

"Mlango ulikuwa umekula nafasi," Lukresia alisema. "Kila tukimgeuza, miguu inagonga mbao. Nikaufunga ndipo akalala vizuri, uso kwa mlima. Halafu polisi wakaja."

"Mbona hukusema mahakamani, bibi?" Mwalimu aliuliza.

"Waliniuliza kama nilimpenda mume wangu. Nikasema ndiyo. Wakaniambia niketi."

Ukumbi wa mahakama mzima, mawakili na majoho yao, na hakuna aliyemuuliza mjane nani alifunga mlango! Nami ninapoandika haya nachoka badala ya kukasirika. Hata askari aliyepanda kutoka mji mwingine tusimlaumu sana. Angejuaje kwamba hapa maiti hailazwi hivi hivi, kwamba wanawake watasukuma kitu chochote, hata ushahidi, ili mtu wao aone mlima?

Mwalimu hakupoteza muda. Akaufunga uzi upya kutoka ukutani, akaupitisha kwenye tundu la mlango ule uliokuwa nusu wazi. Safari hii haukugusa ubavu wowote. Ukatoka nje ya kizingiti umetulia katikati ya hewa.

"Umehama kidogo tu," Valerian alisema. "Kiganja hata hakifiki."

"Kiganja hapa mlangoni. Nenda nao ng'ambo ya bonde uone kama ni kiganja."

"Nitakwenda nao mimi mwenyewe. Sitaki mtu aniibie mstari."

"Ndivyo ninavyotaka. Uzi ukiisha, chomeka fimbo. Fimbo ya mbele ifichwe na ya nyuma yake, usiione. Ukiona fimbo mbili, umekosea. Watoto wa kidato cha nne hufanya hivyo kwa pini."

Wakaanza. Zamani kazi hii isingewezekana, maana ng'ambo yote ile ilikuwa kahawa na migomba, huwezi kuchomeka fimbo mbili zikaonana. Lakini bei ya kahawa ilipoanguka, watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya, na mteremko umebaki uchi. Theodora aliona fimbo ya kwanza ikichomekwa, kisha ya pili. Aliona mstari ukivuka bonde na kuiacha kando ile sehemu aliyosimama baba yake. Uliiacha kwa upana wa nyumba nzima.

"Hakuwa yeye," Theodora alisema. Akarudia kwa sauti, "Mwalimu, hakuwa yeye!"

"Watu wangapi waliapa kwamba walimwona kwenye kahawa risasi ilipolia?"

"Wote. Hata Mzee Valerian."

"Basi kiapo kile kile kilichomfunga ndicho kitakachomzika. Kimbia ukamwambie."

Theodora akakimbia. Mwanamke mtu mzima, mama wa watoto wanne, alishuka bonde na kandambili mkononi, akaruka mfereji, akapanda upande wa pili bila kupumzika. Alikuwa na furaha, na furaha ilimshangaza, kwa sababu hakuwa ameizoea.

Hakugeuka nyuma kuangalia fimbo zinaelekea wapi. Laiti angegeuka!

Mzee Aristides alikuwa amelala chumba cha nyuma, blanketi hadi kidevuni. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Padri alishampaka mafuta siku ya mkesha.

"Baba! Baba, utalala nyumbani! Watakuzika hapa hapa, kwa babu!"

Mzee akafumbua macho. "Wamekubali?"

"Watakubali. Mwalimu amepima. Risasi haikutoka kwenye kahawa. Mlango wa ghala ulikuwa wazi, baba! Waliupima umefungwa, kumbe ulikuwa wazi!"

Alingoja atabasamu. Badala yake mzee aliinua mkono uliojaa mishipa akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo Theodora hakujua kama bado anayo.

"Nani aliwaambia wafungue ule mlango?"

"Baba?"

"Nilikwambia uwaombe tu. Uwaombe, wakikataa unizike makaburi ya kanisa. Nilikwambia ulete mtu wa kupima?"

"Nilitaka wajue ukweli."

"Mimi ukweli naujua tangu siku ile. Ilipita karibu na mimi, nikaisikia. Nikageuka kutazama inakotoka."

Theodora akaketi kitandani.

"Ulimwona mtu?"

"Nilimwona."

"Nani?"

Mzee akakohoa. Theodora akamwinua, akampa maji, akamfuta mdomo kwa kona ya kanga yake. Kupitia dirishani sauti za watu zilisikika, bado mbali, zikiitana: kushoto kidogo, hapo hapo, chomeka.

"Uliambiwa babu yako, mzaa mama, alikufa vipi?" mzee aliuliza.

"Moto wa jikoni."

"Hakukuwa na moto wa jikoni. Alikuwa mtu wa mangi, yaani chifu wetu, tena mkubwa wa mtaa huu, na Sylvanus alikuwa akitangaza kila mkutano kwamba watu wa mangi waondoke. Wiki ile vijana wake walizunguka nyumba ya babu yako na mienge. Labda walitaka kumtisha tu. Nyasi hazijui kutishwa. Zikawaka naye akiwa ndani."

Theodora akaweka kikombe cha maji chini.

"Bunduki yake ya kuwindia ilikuwa kwetu. Alituachia alipoanza kuogopa. Si gobori kama langu, bunduki ya kweli, ya risasi. Risasi yenyewe ilipondeka kwenye mawe ya ukuta, wakashindwa kuitambua. Bunduki niliitumbukiza chooni kabla hawajanifikia. Ndiyo maana nilikimbia kuja nyumbani badala ya kukimbia porini. Wakasema nakimbia kosa."

"Baba, ulimwona nani?"

"Alikuwa dirishani. Hilo hapo."

Theodora akalitazama dirisha. Dirisha dogo la mbao, lenye pazia aliloshona yeye mwenyewe kwa gauni la mitumba.

"Alikuwa na wewe mgongoni," mzee alisema. "Ulikuwa na miaka mitatu. Ulikuwa umelala."

"Mama?"

Aristides akafumba macho.

"Mama yako."

Hapo Theodora akalia, wasomaji wangu. Alimlilia mama yake, Kornelia, aliyekuwa akienda misa ya kwanza kila siku ya Mungu, aliyempikia mumewe na kumpelekea gerezani mpaka akachoka na kufa, na ambaye kaburi lake lilikuwa hapo nje, kwenye migomba, lina msalaba na maua ya Krismasi. Alimlilia na baba yake, aliyefungwa kwa hiari. Hakujua amlilie nani kwanza.

"Mtoto mdogo hawezi kukua gerezani," mzee alisema. "Nilifikiri hivyo. Sijui kama nilifikiri vizuri. Nimechoka kufikiri. Lakini mama yako amelala vizuri, Theodora. Wakifika dirishani watauliza nani alikuwa ndani siku ile, na ndani alikuwa mtu mmoja tu. Watamtoa. Sheria waliyonihukumu nayo mimi watamhukumu nayo yeye. Aliyemwaga damu ya ukoo halali na ukoo."

"Hawawezi kumfukua mtu!"

"Valerian? Humjui."

Mlango ukagonga ukuta. Wote wawili wakageuka.

Bibi Lukresia alikuwa amesimama hapo, anahema, jani la isale mkononi. Ninyi wa nyumbani mnajua maana yake, na wageni niwaeleze: jani hilo akikuletea mtu aliyekukosea, humkatalii msamaha. Mjane alikuwa amekuja kumwomba radhi Aristides kwa miaka yote aliyomtemea mate njiani. Alikuwa amepita njia ya mkato ya mferejini, amewatangulia wanaume na fimbo zao.

Alikuwa nyuma ya mlango huo muda gani? Uso wake ulijibu. Amesikia yote.

"Lukresia," mzee alisema.

"Usiseme. Usiniambie kitu." Alikuja polepole, akaliweka jani la isale juu ya blanketi. "Hili ni lako. Nilikuchukia bure, na nimezeeka kwa chuki hiyo. Nisamehe."

"Nimesamehe."

"Ya Kornelia ni mengine." Akalitazama dirisha. "Tulichota maji pamoja. Alikuja kwenye matanga ya mume wangu, akanishika mkono. Alinipikia mtori, Aristides! Nikaula!"

Alikuwa analia na kukasirika kwa pamoja, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Nje sauti zilikuwa zimefika uani. Fimbo ya mwisho ilichomekwa ardhini, karibu kabisa na ukuta, wakaisikia. Kisha Mwalimu Ebenezeri, kwa sauti ya mtu anayetamani asingekuja: "Imefika hapa. Kwenye dirisha hili."

"Hapa?" Valerian alifoka. "Nyumbani kwa Aristides mwenyewe? Na yeye alikuwa kwenye kahawa? Nani alikuwa ndani, basi? Nani anakumbuka?"

Wazee wakaanza kubishana. Mmoja akasema kulikuwa na mpagazi, akatajwa, ikaonekana alikuwa ameshakufa kabla ya siku ile. Mwingine akasema labda mgeni.

"Shemeji Lukresia anajua," Valerian alisema. "Siku ile wanawake wote walikuja ghalani. Atakumbuka nani hakuja. Shemeji! Uko humo? Toka utuambie!"

Lukresia akajifuta macho. Akamtazama Theodora, na hasira yake ilikuwa imekwisha nguvu, imebaki uchovu tu.

"Wananiita," alinong'ona. "Nikisema mgeni, watasema ni hadithi ya kumwokoa baba yako, na baba yako hazikwi hapa. Nikisema jina, baba yako atalala kwa baba zake, na mama yako watamwamsha kesho asubuhi kwa majembe. Mume wangu hatarudi kwa lolote kati ya hayo. Mimi sina tena wa kumdai damu. Ni wazazi wako. Sema wewe, nami nitakwenda kusema hivyo hivyo."

Aristides alikuwa akitikisa kichwa juu ya mto, akitikisa, hana sauti tena.

"Shemeji Lukresia!" Valerian aliita, na kivuli chake kikaziba dirisha.

Theodora akambusu baba yake paji la uso. Akasimama, akamsogelea mjane mpaka sikioni, na akataja jina la mama yake.